Dawa za asidi na mifupa yetu: kabla hujazitupa, jiulize ulianza kuzimeza kwa nini

Kwa miezi kadhaa sasa kuna maneno yanazunguka huku Kilelengwani na vijiji jirani vya delta, ya kwamba kapsuli za asidi ya tumbo "zinakula mifupa". Yalikuja kwa simu, kwa sauti iliyorekodiwa na kurushwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Msemaji hajitaji jina, lakini anaongea kwa uhakika wa mtu aliyekaa akaona mfupa ukitafunwa. Tangu hapo nimeulizwa swali hilo sokoni Garsen, nimeulizwa matangani, na mara moja ndani ya matatu ya Malindi, abiria wote wakanyamaza kusikiliza nitajibu nini.

Jibu fupi ni kwamba maneno hayo yana ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe ni mdogo kuliko kelele zake, na namna unavyosambazwa unaweza kumuua mtu. Sitii chumvi. Nitawaeleza habari za watu wawili ninaowajua, bila majina.

Wa kwanza ni bibi aliyepita miaka sabini. Mwaka jana alitapika damu, akakimbizwa hospitali, akaongezwa damu, Mungu akamjalia akarudi nyumbani. Ana ugonjwa wa moyo na humeza aspirini kila siku, na daktari alimwandikia kapsuli za asidi azimeze sambamba na hiyo aspirini ili kidonda kisirudi. Aliposikia ile sauti ya simu akaziweka kapsuli kando. Aspirini akaendelea nayo. "Mwanangu," aliniambia, "afadhali tumbo liniume kuliko nivunjike kiuno. Nikivunjika nani atanibeba?"

Wa pili ni mkulima wa miaka hamsini na kitu, mtu wa mpunga na migomba. Huyu anameza kapsuli hizo hizo mwaka wa sita sasa na hajapimwa chochote. Alianza kwa kiungulia kilichomjia baada ya kumeza dawa za mgongo, muuzaji wa dukani akampa kapsuli, zikamfaa, basi akazifanya kama chai ya asubuhi. Naye aliisikia ile sauti. Akacheka.

Kwa hiyo aliyepaswa kuendelea ndiye aliyeacha, na aliyepaswa kujiuliza ndiye anayeendelea. Kilelengwani hutajwa redioni pale tu damu inapomwagika, kama Septemba 2012, au mto unapofurika. Jambo hili halitatangazwa popote, lakini lipo majumbani mwetu, na mimi ambaye si daktari nimeona heri nisome tafiti zenyewe niandike nilichokikuta.

Kwanza tuelewane tunazungumzia dawa ipi, maana huku kwetu kila kitu cha tumbo huitwa "dawa ya asidi". Eno ya pakiti, Actal, na ile dawa nyeupe nzito ya chupa hufanya kazi ya kuipooza asidi iliyokwisha kutoka. Ni kama kumwaga maji juu ya moto: unazimika, baada ya saa moja au mbili kuni zinawaka tena. Kulikuwa na ranitidini pia, iliyopendwa sana na watu wazima wa rika langu, lakini mwaka 2020 Marekani iliwataka watengenezaji waiondoe madukani baada ya kukutwa na kemikali inayohofiwa kuleta saratani, na nchi nyingine nyingi zimeiondoa. Hizo zote siyo zinazosemwa kwenye ile sauti.

Zinazosemwa ni za jamaa ya omeprazoli. Utazitambua kwa mwisho wa jina kwenye pakiti: omeprazole, esomeprazole, pantoprazole, lansoprazole, rabeprazole. Ukiona herufi hizo za mwisho, basi ndiyo hiyo. Omeprazoli ilitengenezwa Uswidi ikaanza kuuzwa mwaka 1988, na waliokuwa wakiuguza wagonjwa kabla ya hapo wanajua ilileta nafuu gani. Zamani kidonda cha tumbo kikikukaa, njia mojawapo ya kawaida ilikuwa kupasuliwa. Leo unapewa kapsuli.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Ndani ya ngozi ya tumbo kuna pampu ndogo mno, mamilioni kwa mamilioni, zinazosukuma asidi kuingia tumboni unapokula. Omeprazoli huenda ikaikamata pampu na kuifunga moja kwa moja. Dawa yenyewe hutoweka kwenye damu baada ya saa chache tu, lakini pampu iliyofungwa haifunguki; mwili lazima utengeneze mpya. Ndiyo sababu kapsuli moja inatosha kutwa nzima. Na ndiyo sababu pia inatakiwa imezwe asubuhi, kama nusu saa kabla ya kula, ili chakula kinapozichokoza pampu zikute dawa imekwisha fika. Watu wengi niliowauliza huimeza usiku baada ya kushiba, kisha hulalamika haifanyi kazi, na muuzaji anawaongezea ya pili.

Sasa mifupa inaingiaje?

Mfupa hauko kama jiwe la msingi ambalo likishawekwa limewekwa. Kila siku mwili hubomoa sehemu za mfupa na kujenga nyingine, na saruji ya kujengea ni kalsiamu. Kalsiamu isipoingia ya kutosha kwa chakula, mwili huikopa kutoka kwenye mifupa, kwa sababu moyo na misuli haiwezi kungoja. Deni likizidi malipo kwa miaka mingi, mfupa hubaki na umbo lake lakini ndani umekuwa kama sifongo. Hapo ndipo mtu anajikwaa kizingitini tu na nyonga inavunjika.

Asidi inahusika kwa sababu aina fulani za kalsiamu haziyeyuki bila ya kitu kikali. Jaribio lake unaweza kulifanya jikoni: chukua ganda la yai, litie ndani ya gilasi ya maji ya ndimu. Utaona mapovu yakipanda, na ukiliacha muda mrefu ganda linalainika. Ganda hilo ni kalsiamu kabonati, na vidonge vingi vya kalsiamu wanavyopewa wajawazito na wazee ni kitu hicho hicho. Litie ganda kwenye maji matupu, utangoja hadi kesho. Tumbo lisilo na asidi linaelekea kwenye maji matupu. Watafiti wa Marekani walichapisha jaribio dogo mwaka 2005 kwa wanawake 18 waliokuwa na miaka 65 au zaidi: baada ya wiki moja tu ya omeprazoli, kalsiamu kabonati waliyomeza tumbo likiwa tupu iliingia mwilini kwa kiwango cha chini sana kuliko walipokuwa hawana dawa.

Lakini angalia nilivyosema: kalsiamu kabonati, na tumbo likiwa tupu. Kidonge hicho hicho kikimezwa katikati ya chakula huingia vizuri zaidi, hata kwa mtu asiye na asidi. Na kalsiamu ya maziwa haitegemei asidi kwa kiasi hicho. Huu ni ufunguo wa jambo lote, nitaurudia mbele.

Hofu kubwa ilianza mwaka 2006. Watafiti walipekua kumbukumbu za madaktari wa Uingereza, wakalinganisha watu zaidi ya 13,000 wa miaka hamsini kwenda juu waliovunjika nyonga na wengine zaidi ya 135,000 ambao hawakuvunjika. Wakakuta waliomeza dawa hizi kwa zaidi ya mwaka walikuwa kwenye hatari iliyozidi ya wengine kwa asilimia 44, na waliomeza dozi kubwa kwa muda mrefu hatari yao ilizidi mara mbili na nusu. Mei 2010 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ikatoa tahadhari kwamba huenda zikaongeza kuvunjika kwa nyonga, kifundo cha mkono na uti wa mgongo, hasa kwa waliopita miaka hamsini, wanaotumia dozi kubwa au kwa mwaka na zaidi. Mwaka uliofuata idara hiyo hiyo ikafafanua kuwa kwa anayemeza dozi ndogo kwa siku chache za dukani, haikuona sababu ya onyo hilo. Ufafanuzi huo, kama kawaida, haukusafiri mbali kama tahadhari.

Asilimia hutisha zikisimama peke yake. Kuna uchunguzi mwingine, wa wauguzi wanawake wa Marekani karibu 80,000 waliokwisha koma hedhi, uliochapishwa mwaka 2012. Hatari ya nyonga ilizidi kwa asilimia 35 kwa waliotumia dawa hizi mara kwa mara. Ukifungua hesabu yake ndani unakuta hivi: kwa kila wanawake 1,000 wasiotumia dawa, walivunjika nyonga kama mmoja na nusu kwa mwaka, kwa kila 1,000 wanaotumia, walivunjika wawili. Yaani katika wanawake 10,000, waliozidi ni kama watano kwa mwaka. Kwa hao watano na familia zao si jambo dogo. Lakini haiwi sawa na ile picha ya mfupa unaotafunwa kila ukimeza kapsuli. Na jambo jingine kwenye uchunguzi huo lilinishangaza kuliko asilimia zenyewe: hatari ilikuwa kubwa kwa waliokuwa wakivuta au waliowahi kuvuta sigara. Kwa wasiovuta kabisa haikuonekana wazi.

Halafu kuna suala la uzito wenyewe wa mfupa, ambao hupimwa kwa mashine maalumu ya eksirei. Kama dawa inaunyonya mfupa, basi tungetarajia watumiaji wapoteze uzito wa mifupa haraka kuliko wengine. Watafiti wa Kanada walilitafuta jambo hilo katika mkoa wa Manitoba, wakachapisha mwaka 2010 kwamba hawakuona mifupa ya watumiaji ikipungua kwa kasi zaidi. Uchunguzi mwingine wa nchi hiyo hiyo, uliofuata watu kwa miaka kumi, ulikuta watumiaji walianza wakiwa na mifupa myepesi kidogo tangu siku ya kwanza, lakini baada ya hapo kasi ya kupungua haikutofautiana.

Sasa fikiri. Ukienda barabarani ukahesabu watu wanaotembea na bakora, utakuta wanaanguka zaidi kuliko wasio nazo. Je, bakora ndizo zinazowaangusha? Mtu anayeandikiwa kapsuli za tumbo miaka mingi mara nyingi ni mzee, ana maradhi mengine, anameza dawa za maumivu, pengine alikuwa mvutaji, pengine hali vizuri kwa sababu tumbo linamsumbua. Mifupa yake ina sababu zake za kuwa dhaifu kabla hujaitaja kapsuli. Watafiti hujaribu kuziondoa sababu hizo kwa hesabu, lakini hesabu haifuti kila kitu.

Njia ya kukata mzizi ni kuwagawa watu kwa bahati nasibu, hawa wapewe dawa na wale wapewe kidonge kisicho na kitu, kisha usubiri. Lilifanywa hilo, likachapishwa 2019: watu 17,598 wenye maradhi ya moyo na mishipa kutoka nchi 33, nusu walipewa pantoprazoli na nusu kidonge kitupu, wakafuatiliwa kwa takriban miaka mitatu. Kuvunjika mifupa hakukutofautiana. Miaka mitatu si sita wala kumi, ni kweli, na mimi kwa hilo siwezi kumwambia yule mkulima alale usingizi. Lakini bibi yangu wa aspirini angeujua utafiti huu mmoja, nadhani asingeziweka kapsuli kando.

Kwenye utafiti huo huo kuna jambo lililojitokeza, na kwa sisi wa delta naliona zito kuliko mifupa. Waliopewa dawa walipata maambukizi ya matumbo zaidi ya wengine, asilimia 1.4 dhidi ya 1.0. Ni tofauti ndogo katika nchi zenye maji ya bomba. Hapa kwetu nani ana maji ya bomba? Asidi ya tumbo ni bawabu. Vijidudu vingi tunavyokunywa na maji ya mto hufia hapo mlangoni, na cha kipindupindu ni mojawapo. Inajulikana siku nyingi kwamba mwenye asidi kidogo huhitaji vijidudu vichache tu aharishe. Mto ulifurika mwisho wa 2023, ukafurika tena Aprili na Mei 2024, na Mei hiyo Shirika la Afya Duniani likatangaza wagonjwa 44 wa kipindupindu katika kaunti yetu ya Tana River. Mtu anayemeza kapsuli kila siku bila sababu amemfukuza bawabu wake mwenyewe msimu ambao mgeni mbaya yuko njiani. Anayezihitaji kweli aendelee, ila maji yake ayachemshe au ayatie dawa bila kukosa, mafuriko yawepo au yasiwepo.

Kuna mawili mengine ya kupita haraka. Miaka miwili na zaidi ya dawa hizi huandamana na upungufu wa vitamini B12, ambao huleta ganzi ya miguu na kuyumba, na mzee anayeyumba huanguka. Na mara chache magnesiamu hushuka mwilini hadi mtu anapata mikazo ya misuli na mapigo ya moyo yasiyo na mpango. Aliyekaa nazo miaka mingi anaweza kuomba damu yake ipimwe hayo.

Nirudi kwa mkulima, maana ndani yake nawaona wanaume wengi wa huku, na wanawake pia. Mgongo unauma kwa jembe na kwa kuinama mpungani. Anakwenda dukani anapewa diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo huondoa maumivu, lakini pia huuvua tumbo utando unaolikinga, na baada ya wiki au miezi kiungulia kinaanza, pengine kidonda. Anarudi duka lile lile anapewa omeprazoli. Tumbo linatulia, kwa hiyo anaweza kuendelea na diklofenaki. Hapo mzunguko umekamilika: dawa moja inachimba, nyingine inafukia, na muuzaji anauza zote mbili. Ongeza muguka wa jioni, sigara na kulala njaa mchana wa kulima, tumbo litapumzika lini? Halafu kuna wanaouziwa prednisoloni au deksamethasoni ili "mwili urudi" na wanenepe. Dawa za jamaa hiyo ndizo zinazodhoofisha mifupa kwelikweli, hilo halina ubishi wa kitafiti, na sijasikia sauti ya WhatsApp inayozitaja.

Tena mgongo wenyewe nao unastahili kuulizwa. Kwa mtu mzima, hasa mwanamke aliyekoma hedhi, maumivu ya ghafla ya mgongo baada ya kuinua ndoo yanaweza kuwa pingili imebonyea kwa sababu mfupa umekuwa mwepesi. Akiwa anapungua kimo na mgongo unapinda, si uzee tu. Kumpa diklofenaki na kapsuli ni kufunika chungu kinachoungua.

Basi nani asiache? Mwenye historia ya kidonda kilichotoka damu. Mzee anayemeza aspirini au dawa za maumivu kwa agizo la daktari. Mwenye umio ulioharibiwa na asidi akaambiwa hivyo baada ya kuingizwa mpira wenye kamera. Hawa faida yao ni kubwa kuliko hatari yote niliyoieleza hapo juu, na wakitaka kubadilisha wazungumze kwanza na aliyewaandikia. Kutokwa damu tumboni ni jambo la saa chache. Ukitokea usiku, kutoka hapa kijijini hadi Hospitali ya Ngao kwa bodaboda ni mtihani hata jua likiwaka, sembuse barabara ikiwa chini ya maji. Nilimweleza bibi hivyo hivyo, nikamwambia kiuno kikivunjika tutambeba, ila damu ikimtoka tena huenda tusiwahi kumbeba. Akaniangalia kidogo, akamtuma mjukuu amletee kopo la dawa.

Anayepaswa kuuliza ni yule aliyezianza mwenyewe, au aliyepewa za wiki mbili au nne akazifanya za maisha. Kwa huyu kuna mtego ambao lazima aujue kabla hajaacha. Tumbo likifungiwa asidi, mwili hutoa homoni kwa wingi kulishurutisha lifanye kazi. Siku unapoacha ghafla, homoni bado ipo na pampu mpya zimeota, asidi inarudi kwa fujo. Denmark walijaribu jambo hili kwa watu 120 wazima wasio na ugonjwa wowote wa tumbo, matokeo yakatoka 2009: nusu walipewa esomeprazoli kwa wiki nane kisha wakabadilishiwa kidonge kitupu bila kujua. Katika wiki za mwisho asilimia 44 yao walipata kiungulia na dalili za asidi, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao ambao hawakuwahi kupewa dawa. Walikuwa wazima, narudia. Kwa hiyo ukiacha leo na kesho kutwa kifua kikawaka, usiseme "kumbe bado naumwa" ukakimbilia duka. Huenda ni tumbo linalipiza, na hupoa kwa wiki chache.

Njia ya wengi ni kushuka polepole: kama ulikuwa unameza mbili kwa siku, shuka moja, kisha siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa wiki mbili au zaidi, kiungulia kikija katikati tumia Actal au ile dawa nyeupe. Usiifungue kapsuli ukaigawa unga nusu kwa nusu wala kuitafuna, maana chembe zake zimefunikwa zisiharibiwe na asidi kabla hazijafika utumboni. Chakula cha usiku kiliwe mapema, saa tatu kabla ya kulala, na kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa matofali mawili. Matofali hayo yamewasaidia watu kuliko wanavyoamini.

Kwa mifupa, tuanze na tulicho nacho. Maziwa ya Waorma na Wardei bado ndiyo kalsiamu bora ya delta, mabichi yaliyochemshwa au mtindi, ingawa ukame wa 2020 hadi 2023 ulimaliza ng'ombe na bei ikapanda. Dagaa wa kuliwa na mifupa yake, mchicha na majani mengine ya kienyeji, ufuta ukipatikana. Jua tunalo kwa wingi, lakini anayejifunika mwili mzima kila anapotoka halimfikii ngozini, na vitamini D inatokana na jua hilo, kwa hiyo akina mama wapate nafasi uani, mikono na miguu wazi, kabla jua halijawa kali. Ukiwa umeandikiwa vidonge vya kalsiamu na unameza dawa ya asidi, vimeze pamoja na chakula, kamwe si asubuhi tumbo likiwa tupu. Kuna aina nyingine, kalsiamu sitreti, isiyohitaji asidi kabisa. Ni ghali zaidi, lakini kwa mzee asiyeweza kuacha kapsuli inafaa kuulizia ukifika Malindi au Mombasa.

Nyonga huvunjika kwa kuanguka, kwa hiyo taa ya kwenda chooni usiku na miwani ya mzee vina kazi kubwa hapa. Hilo halihitaji utafiti.

La mwisho ni kipimo. Vidonda vingi vya tumbo huletwa na kidudu kiitwacho helikobakta. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005 kwa kukigundua, na Marshall alikuwa amekinywa mwenyewe mwaka 1984 ili awaonyeshe wabishi. Afrika kimekadiriwa kuwa ndani ya matumbo ya watu saba kati ya kumi, wengi wao bila kujua. Kikikutwa kwa mwenye maumivu, hutibiwa kwa antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya asidi kwa siku kumi na nne, na baada ya hapo wengi hawahitaji kapsuli tena. Kwa hiyo mkulima wangu badala ya mwaka wa saba angeweza kumaliza kwa wiki mbili. Kipimo kizuri ni cha choo, kile cha kutafuta kidudu chenyewe, kwa kuwa cha damu kinaweza kuonyesha maambukizi ya zamani yaliyokwisha pona. Ila ukienda kupimwa choo, kapsuli za asidi uwe umeziacha wiki mbili kabla, na antibiotiki wiki nne, la sivyo kidudu hujificha na jibu linatoka safi wakati kingali tumboni. Na kama choo chako ni cheusi kama lami, au chakula kinakwama kooni, au unakonda bila sababu, usingoje hizo wiki mbili. Nenda siku hiyo hiyo, na pakiti ya dawa zako mkononi.